Mfuko Mtupu wa Kiroboto

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alinijia chumbani Jumamosi asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi Krismasi ifike, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akaniambia nishone mifuko mitatu kama kila mwaka, ila mmoja usitiwe kitu.

Nilikuwa najaza uzi kwenye bobini. Nikalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Usitiwe kitu vipi?"

"Uwe mtupu, Mama. Wa Kiroboto. Utafungwa kamba kama mingine, na juu tutaandika jina lake asije akachukua wa mwenzake. Akifungua, akute hamna kitu. Mwakani atakuwa na adabu."

"Kiroboto ana miaka sita."

"Ndio umri wenyewe wa kumnyoosha."

Alisema kwa utaratibu kabisa, kama mteja anayeniomba nimpunguzie pindo la sketi. Hapo ndipo aliponichoma. Mtu akikujia na hasira unaweza kumngoja apoe. Huyu alikuja akiwa ameshapoa.

Nikamwambia mkono wangu hautashona mfuko wa kumcheka mtoto. Akanyanyuka, akanyoosha nguo yake, akasema, "Hakuna neno, Mama. Nitanunua dukani." Akatoka, akafunga mlango polepole kwa heshima zote, akaniacha na mguu juu ya pedali.

Inabidi niieleze hiyo mifuko, la sivyo nitaonekana bibi kizee anayegombania vitambaa.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Watoto wetu walipokuwa wadogo, wanne wanafuatana kama vipandio vya ngazi, alitoa amri moja tu kuhusu Krismasi, naye hakuwa mtu wa amri. Kila mtoto apate mfuko. Mifuko yote ikatwe kwenye kitambaa kimoja, kwa kipimo kimoja, ifungwe kwa kamba moja, wala lisiandikwe jina la mtu. Asubuhi ya Krismasi tukitoka kanisani inapangwa mezani, mdogo anatangulia kuchagua, mkubwa anamalizia. Ndani mna kitu ambacho mtoto yeyote anaweza kukitumia: mpira, kalamu za rangi, gololi, filimbi. Wakishafungua wanaruhusiwa kubadilishana wao kwa wao, na mtu mzima atakayefungua mdomo kuwaamulia, nje. Mwaka ule wa kwanza nilimuuliza kwa nini tusiandike majina, maana ingekuwa rahisi. Alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa, akasema, "Kwani ile zawadi ya kwanza iliandikwa jina la nani?" Akairudisha misumari yake, akaendelea kugonga.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini mahubiri yale niliyaelewa. Huu ni mwaka wa sita tangu afariki, nami nimehamia kwa kitinda mimba wetu, na mifuko ya wajukuu naishona vilevile, sijabadilisha hata upana wa pindo.

Mwaka huu ndipo ikaja karatasi.

Mkwe wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, mashine ya kufungasha. Huko kuna ubao wenye majina ya watu wa zamu. Anayefanya vizuri hubandikiwa nyota, anayekosea huwekewa nukta nyeusi. Tarehe mosi Desemba alirudi na karatasi ya manila, akapiga mistari kwa rula, akaibandika ukutani sebuleni, akawakusanya watoto. Nyota kwa tabia njema, nukta kwa tabia mbaya. Nukta tatu, akawaambia, Krismasi utaisikia kwa wenzako.

Nilidhani ni mchezo, nikanyamaza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mjukuu wangu mkubwa ana miaka tisa. Tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hutembea mikono nyuma kama anayekagua ujenzi. Huyo wiki ya kwanza tu alikuwa na nyota saba. Wa mwisho ni Tonge, miaka mitatu, aliyepewa nyota kwa kulala. Na katikati ndiye Kiroboto, binti ambaye hajawahi kukaa kitini mpaka sentensi ikaisha. Kiroboto alimaliza nukta zake tatu kabla ya tarehe tano. Moja kwa kuiosha redio kwa sabuni na maji ya moto, maana ilikuwa na vumbi. Moja kwa kumuuliza mchungaji, mlangoni pa kanisa, watu wakisalimiana, kama na nyumbani kwake huwa anaongea peke yake saa nzima. Ya tatu kwa kumfundisha Tonge kutema mate mpaka ng'ambo ya mfereji. Nilikuwepo mara zote tatu. Redio ilikufa kweli, hilo silitetei. Lakini mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu atokee mtu anieleze: mtoto akishamaliza nukta zake tarehe tano, tarehe sita ajitahidi kwa ajili gani? Kiroboto aliielewa hesabu hiyo upesi kuliko mama yake. Kufika tarehe nane alikuwa nazo sita.

Basi Jumamosi ileile, mlango ulipofungwa, nikatoka kumtafuta mwanangu. Yeye ni fundi umeme. Alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anachuna nyaya za zamani.

"Umesikia habari ya mfuko mtupu?"

"Nimesikia."

"Ukasema nini?"

"Sasa mimi nitasema nini, Mama? Mama watoto ndiye anayeshinda nao."

"Anayeshinda nao ni mimi. Yeye anashinda kiwandani, na wewe unashinda kwenye dari za watu."

Akacheka kidogo, akidhani nimemtania.

"Ulipokuwa na miaka saba," nikamwambia, "uliunganisha betri na waya, ukachoma pazia langu la sebuleni. Ilikuwa Desemba. Krismasi hiyo ulipata nini?"

Akavuta waya mwingine.

"Nakuuliza wewe."

"Filimbi."

"Ulipata filimbi. Ukatupigia mpaka mwezi wa pili, majirani wakaanza kutusalimia kwa mbali. Unadhani baba yako hakuliona pazia?"

"Mama, zamani ni zamani."

"Hiyo zamani ndiyo iliyokulea."

Nilimwacha na nyaya zake, na nasema kweli, nilimkasirikia yeye zaidi kuliko mkewe. Mkewe hakukulia kwenye mifuko hiyo. Huyu aliingiza mkono wake ndani miaka kumi na miwili mfululizo na hakuna aliyemuuliza kitu, na leo anaona ulimi mzito kumsemea binti yake. Jioni nilisali, na nakiri kwamba nilimweleza Mungu jambo hilo kwa sauti ambayo kwa kawaida naitumia kwa wateja wanaoleta nguo chafu kurekebishwa.

Jumatatu nikawa napangusa vumbi rafuni sebuleni. Hapo kuna sanamu ndogo za mbao alizozichonga marehemu: Mariamu, Yusufu, wachungaji wawili, kondoo mmoja ambaye wageni humdhania mbwa, na Mtoto horini. Sisi hatungoji siku yenyewe ndipo tumweke Mtoto. Yumo tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwa sababu marehemu alisema mtoto hawekwi kabatini. Rafu hiyo inatazamana na ile karatasi. Nikaona hori limegeuzwa, uso wa Mtoto umeelekea ukutani, na kondoo amesimamishwa nyuma yake kama mlinzi.

"Nani kamgeuza Mtoto?"

Mheshimiwa hapendi lawama ipotee njia. "Si mimi," akasema. "Mwenyewe yuko chini ya meza."

Kiroboto alikuwa chini ya meza ya cherehani anaokota pini kwa sumaku. Hiyo ndiyo kazi yake siku ninazokata vitambaa, na hakuna mtu mzima anayemshinda.

"Ni mimi, Bibi. Nimemgeuza asisome."

"Asisome nini?"

"Karatasi. Pale nilipo mimi." Akaendelea kuburuta sumaku. "Yeye hana nukta hata moja. Akiziona za kwangu atasema huyu asije kwenye siku yangu."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Nimejua tu."

"Na kanisani je, siku ya Krismasi?"

"Kanisani nitakaa nyuma ya mtu mnene."

Mheshimiwa akacheka. Mwaka mwingine hata mimi ningecheka. Nilisimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Nimezika mume. Nimewasomesha watoto wanne kwa cherehani moja. Sikuwahi kuona mtoto wa miaka sita akimficha Mtoto wa hori asijue habari zake. Wale wachungaji walipoitwa waende wakamwone, ni nani aliyesimama njiani kuwakagua? Nani aliwaambia wewe pita, wewe rudi kwa kondoo zako, juzi ulimtukana jirani? Waliitwa na harufu zao, wakaenda mbio. Na sisi nyumba nzima ya watu waliobatizwa tumebandika karatasi ya kumzuia mtoto mlangoni!

Ile kalamu ya wino mzito mkwe wangu huiweka juu ya kabati. Niliishusha. Nikachukua rula yangu ndefu ya kukatia vitambaa, nikapiga mistari mitatu mipya chini ya majina ya watoto, nikaandika kwa herufi kubwa: Baba. Mama. Bibi.

"Haya," nikasema. "Tuanze na mimi. Nani ana shitaka?"

Kiroboto akatoka chini ya meza na sumaku yake imejaa pini kama nungunungu. "Kwani tunaruhusiwa?"

"Karatasi ina nafasi."

Mheshimiwa akakohoa kidogo. "Juzi Bibi alimwambia yule mama wa sare za shule kwamba sketi zimeisha, zinangoja pasi tu. Na kitambaa kilikuwa hakijakatwa."

Na miaka yote hii nasema mtoto huyu hasikii.

"Ni kweli," nikasema. "Weka."

Akaiweka, ya mviringo, nadhifu, kama anayetia sahihi.

"Baba!" Kiroboto akaruka. "Baba alisema kwenye simu niko njiani, nakaribia geti lenu, na alikuwa anaoga! Povu lilikuwa kichwani!"

"Weka."

"Na husema kidole chake kinauma ili asioshe vyombo!"

"Ya pili hiyo. Weka."

Tonge akalia kwamba na yeye anataka, akapewa kalamu, akamwekea baba yake tatu za haraka haraka kabla hatujamnyang'anya. Mwanangu alitolewa kwenye Krismasi kabla ya saa tano asubuhi, tena hayupo.

"Na Mama?" nikauliza.

Hapo wakatazamana. Ndipo Mheshimiwa akasema, kwa sauti ya chini, "Jumapili alisema atatusimulia habari ya mamajusi. Akalala. Na viatu."

"Na ile Jumapili nyingine pia," akasema Kiroboto.

Nilipaswa kusema basi. Nililisikia vizuri lile neno, na viatu, na mimi ni mtu ninayejisifu kwa kusikia. Lakini hasira ilikuwa bado inanipeleka. Nikasema, "Weka. Mbili."

Mkwe wangu alirudi saa kumi na mbili jioni. Alivua viatu mlangoni, akanipa shikamoo, akatua mkoba, akainua macho ukutani. Nilikuwa tayari. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyachomeka kwa mpangilio kama pini kwenye kimto.

Hakupiga kelele. Alisogea karibu, akalisoma jina, akagusa nukta ya kwanza kwa kidole, kisha ya pili.

"Hata hapa?" akasema. "Hata nyumbani kwangu?"

"Mwanangu, kama ni sheria, basi iwe ya..."

"Mama, mimi ninazo nne."

"Nne zipi?"

"Za kule. Ubaoni." Alikuwa bado anautazama ukuta. "Moja ni ya siku ile Kiroboto alipolazwa na homa. Nilitoka wodini moja kwa moja mpaka kazini, nikachelewa dakika ishirini. Nikamweleza msimamizi. Akaniambia ubao hauna nafasi ya maelezo. Ya pili nilisinzia nimesimama, hiyo ni haki yao. Ya tatu sijui ni ya nini. Ya nne nilipewa kwa kuuliza ya tatu ni ya nini."

Akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena ndani ya nyumba.

"Ijumaa waligawa maboksi ya mwisho wa mwaka. Tukapangwa mstari, zamu zote zinaangalia. Na sisi wenye nukta tukaitwa, tukapewa boksi, limefungwa utepe kabisa. Mimi nikafurahi, Mama. Nikasema kumbe wamesamehe. Tukaambiwa tufungue palepale." Akainua viganja viwili, akavifungua, vitupu. "Watu walipiga makofi. Wengine walicheka mpaka wakainama."

Mama wa watoto watatu, mtu anayeamka saa kumi alfajiri, anasimamishwa mbele za watu afungue hewa! Nilitaka kujua huyo msimamizi ana mama, na mama huyo anaishi wapi, nivae viatu. Na katikati ya hasira hiyo nikajiona mimi mwenyewe, na kalamu nene mkononi, naandika jina lake ukutani kwa herufi kubwa. Niliona aibu. Nikamwambia, "Hilo la leo ni kosa langu. Nisamehe."

Akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi.

"Lakini," nikasema, maana nisingelala bila kulisema, "ulipewa boksi tupu Ijumaa, na Jumamosi asubuhi ukaja kukaa kwenye kitanda changu."

Akaokota mkoba wake, akautua tena.

"Hasira hiyo ni ya msimamizi, mwanangu. Umeibeba njia yote ile, ukaja ukamtwika mtoto."

"Nilitaka aijue mapema." Akageuka kunitazama. "Dunia ndivyo ilivyo, Mama. Afadhali aijulie kwangu, kuliko aende aikute huko kichwa kichwa kama mimi, anafurahia utepe."

"Huko ataikuta tu, hata usipomfundisha. Hapa ndani akute nini? Hiyohiyo?"

Hatukujua kwamba Kiroboto amesimama mlangoni mwa chumba cha watoto. Amesikia mangapi, Mungu ndiye anayejua. Alikuja mpaka kwa mama yake, akamvuta kwenye sketi.

"Mama, kumbe na wewe utapewa mtupu?"

Mkwe wangu akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni palepale na sare yake ya kazi.

"Usiogope," Kiroboto akamwambia, sasa kwa kunong'ona. "Mimi nimeshamgeuza. Haoni hapa. Na kanisani tutakaa wote nyuma ya mtu mnene."

"Nani haoni?"

Kiroboto akaonyesha rafu kwa kidevu.

Mama mtu akatazama. Ilimchukua muda kuelewa anachokiona: hori limetazama ukuta, kondoo kasimama zamu. Akaelewa. Niliuona uso wake unapoelewa, na ingawa siku tatu nzima nilikuwa namwombea aelewe, nilitamani ningekuwa jikoni. Alinyanyuka kwa kushika meza, akamsogeza kondoo, akaligeuza hori taratibu kwa vidole viwili. Kisha akaenda ukutani. Hakuichana karatasi. Alibandua kona moja baada ya nyingine kwa kucha, kama anayetoa plasta kwenye kidonda cha mtu.

Alikuwa kwenye kona ya tatu mwanangu alipoingia na mkoba wake wa vifaa.

"Mbona mimi nina tano?" akasema.

Tonge akanyoosha mkono. Mkwe wangu, machozi yakiwa bado yanamtoka, akacheka, safari hii kicheko chake mwenyewe.

Mimi sikucheka. "Ijumaa mkeo alipewa boksi tupu kazini mbele ya zamu tatu," nikamwambia mwanangu. "Ulijua?"

"Boksi gani?"

"Ijumaa ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

"Ulimuuliza siku yake ilikuwaje?"

Akamtazama mkewe. Akatua mkoba.

"Hiyo ni ya sita," nikasema, nikaingia jikoni kuwaachia nafasi. Kupitia mlangoni nilimsikia akimwita mkewe kwa jina la utani, lile la zamani la uchumba, mara mbili. Baadaye nikasikia maji, na vyombo vinagongana. Kidole kilikuwa kimepona.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine mwenye hasira humo ndani, na yeye hakuna aliyemuuliza. Tulipokaa kula, Mheshimiwa alisukuma sahani mbele.

"Na nyota zangu?"

"Zimefanya nini?" baba yake akauliza.

"Ninazo kumi na tatu. Sikuosha redio. Sikutema mate. Nimeoga siku zote bila kuambiwa. Zinaenda wapi?" Alipangusa macho kwa kiwiko, naye si mtoto wa kulia. "Kwa hiyo yeye atapata sawasawa na mimi? Hiyo si haki."

Wazazi wake wakanitazama mimi, kama ilivyo kawaida yao swali likiwa zito.

"Ni kweli, si haki," nikamwambia. "Ingekuwa haki, mimi nisingepewa kitu tangu nizaliwe."

Akalipima hilo. "Kwa sababu ya zile sketi?"

"Hizo ni za wiki hii tu."

"Lakini mimi nilijitahidi, Bibi."

"Ulijitahidi, na tulikuona, na tulipaswa kukwambia kwa mdomo badala ya karatasi. Asante kwa kuoga. Asante kwa kumvalisha mdogo wako viatu kila Jumapili. Lakini mfuko si malipo ya kuoga. Ungekuwa malipo, ungeandikwa jina."

Hakuridhika. Mpaka leo sina hakika kama ameridhika, na simlaumu. Hilo ni gumu hata kwa wakubwa, nimewaona wazee wa kanisa likiwashinda. Tulimpa nyota zake akazibandike kwenye daftari, naye akazihesabu kwanza asije akapunjwa.

Nilishona mifuko siku mbili kabla ya Krismasi, kitambaa cha buluu, mitatu, sawa kwa sawa. Mkwe wangu aliomba aketi nami. Tulifunga mlango, nikamwonyesha namna ya kupitisha kamba kwenye pindo kwa pini ya kufungia, naye akaitia vitu mwenyewe. Hatukuzungumza sana. Mara moja tu alisema, "Mwezi wa kwanza nitaenda kumuuliza tena ile ya tatu ni ya nini," nami nikasema, "Nenda. Na ukitaka mtu wa kukusindikiza, mimi asubuhi huwa sina kazi," ambalo si kweli, na aliyekuwa anaandika nukta aandike.

Asubuhi ya Krismasi kanisani Kiroboto alikaa mstari wa tatu, katikati ya mama yake na mimi, mbele yake hakuna mtu, mnene wala mwembamba. Aligeuka nyuma mara kumi na nne. Hakuna aliyemfinya.

Nyumbani tukapanga mifuko mezani. Tonge akatangulia, akachukua wa pembeni, akaukalia kama kuku. Ikawa zamu ya Kiroboto. Alichukua wa katikati, akaushika kwa mikono miwili, akarudi kwenye mkeka. Hakuufungua. Aliubonyeza. Akautikisa sikioni. Akaubonyeza tena, upande wa chini, ambapo kitambaa kina mishono miwili na mtu hawezi kujua upesi kama anashika kitu au anashika mshono.

"Mama," akasema. "Humu mna kitu?"

Miaka thelathini na mitatu nimeshona mifuko hiyo, kwa watoto na kwa wajukuu. Wote wameuliza mna nini. Wamelilia cha mwenzao, wamepigana, wamekataa kubadilishana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama mna kitu. Sitaisahau karatasi ile, hata ikiwa imeshabanduliwa, na simwombi mtu yeyote radhi kwa kutoisahau.

Mkwe wangu akapiga magoti mkekani mbele ya binti yake. "Mna kitu."

"Kweli?"

"Kweli. Nimekitia kwa mkono wangu."

"Hata nikikosea leo?"

"Hata ukikosea leo."

Kiroboto akawaza. Tulimwona akiwaza, ulimi umetoka kidogo pembeni. Kisha akanyoosha mkono, akamfinya Mheshimiwa pajani, si sana, ila ya kutosha, na muda wote huo macho yake makubwa yalikuwa kwa mama yake.

Mheshimiwa akapiga yowe la mtu aliyevunjika mguu. Mwanangu akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Mkono wa mkwe wangu ulikuwa umeshapanda hewani. Ulikaa huko kidogo. Kisha ukashuka, ukatulia kwenye bega la mtoto.

"Umemuumiza. Mwombe kaka yako radhi."

"Nisamehe, kaka."

"Haya," mama yake akasema. "Sasa fungua mfuko wako."

Kiroboto akaikamata kamba kwa meno.